Chuo, Shule na Masomo: Historia ya Shule Ndogo ya Mtaa katika Bujumbura

Mtoto wa Bujumbura atokaye nyumbani asubuhi na daftari kwapani husema kwamba anakwenda masomo. Mwenzake wa Dar es Salaam husema anakwenda shule, na wa Unguja husema anakwenda skuli. Wote watatu, ikiwa wazazi wao ni Waislamu, huenda pia chuoni kwa maalimu. Maneno manne kwa jambo moja ni mengi, na yafaa mwalimu wa lugha aulize kila moja limetoka wapi.

Chuo ni neno la kale la Kiswahili. Shule limetoka katika neno la Kijerumani, Schule, nalo lilienea bara katika zama za utawala wa Wajerumani. Skuli limetoka katika Kiingereza. Masomo, kwa maana ya mahali pa kusomea, ni matumizi ya upande wetu wa ziwa na wa Kongo ya mashariki: hapa kwetu masomo si yale tu ambayo mtoto anajifunza, bali ni nyumba yenyewe anamojifunzia. Kwa hiyo mtu akiyapanga maneno haya kwa tarehe zake atakuwa amekwisha kupata muhtasari wa historia ya elimu katika mji huu.

Katika makala haya tutajaribu kueleza historia ya shule ndogo ya mtaa katika Bujumbura, na hasa katika Buyenzi, mtaa ambao tangu zamani umejulikana kuwa ni makao ya Waswahili. Tunaposema shule ndogo ya mtaa tuna maana ya ile ambayo haikuanzishwa kwa amri ya serikali, bali kwa haja ya wazazi: mwalimu mmoja, baraza au chumba kimoja, na watoto wa majirani. Hoja yetu ni moja. Shule kubwa za mji huu zimebadilisha lugha mara kadhaa katika muda wa miaka mia moja na zaidi, kila mara kwa sababu za watawala. Shule ndogo, pamoja na nyumba na soko, ndiyo iliyokaa na lugha ya mtoto. Mwalimu wa Kiswahili asiyeijua historia hii yumo katika hatari ya kumfundisha mtoto wa Buyenzi lugha ya mama yake kana kwamba imeletwa jana kutoka ng'ambo.

CHUO KILIVYOFIKA ZIWANI

Zamani neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu, na vyuo ni vitabu. Ndiyo sababu mtu mwenye elimu akaitwa mwanachuoni. Baadaye neno likahama kutoka katika kitabu likaenda mahali ambapo kitabu kinasomwa. Mahali hapo palikuwa baraza ya nyumba ya mwalimu, au ukumbi wa msikiti, au kivuli cha mti.

Chuo kilifuata njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo watu walikwenda Tabora, na kutoka Tabora wakafika Ujiji, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kutangulia. Mwaka 1871 David Livingstone na Henry Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji wakaenda hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakaona kwa macho yao kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Njia hiyo ya maji kati ya Ujiji na nchi ya Uzige, ambako leo kuna mji wa Bujumbura, ndiyo iliyokuwa njia ya bidhaa, ya watu na ya lugha.

Hatuna budi kusema kweli kamili. Misafara ile ilibeba chumvi, nguo na shanga, lakini ilibeba pia pembe za ndovu na watumwa. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alitaka kueneza nguvu zake kutoka Ujiji hadi pande hizi za kaskazini, na Mwami Mwezi Gisabo wa Burundi akawazuia watu wa aina yake wasiingie milimani. Kwa sababu hiyo Waswahili walikaa ukingoni mwa ziwa, na kumbukumbu ya biashara ile ikabaki kuwa doa juu ya jina lao kwa muda mrefu. Ni vizuri kulikumbuka doa hilo, kwa maana lilikuja kutumiwa baadaye kuwa sababu ya kuikataa lugha yenyewe.

Wajerumani walipojenga boma lao la Usumbura katika miaka ya 1890, watu walioongezeka kulizunguka boma walikuwa askari, makarani, wapagazi, mafundi na wachuuzi. Wengine walitoka pwani, wengine Unyamwezi, wengine Manyema, na wengine walikuwa Warundi walioshuka kutoka milimani kutafuta kazi. Kabila zao zilikuwa nyingi; lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na kwa walio wengi dini ilikuwa Uislamu. Watu wa namna hii wakishapata nyumba na watoto hutafuta mwalimu. Hawangoji serikali.

MAFUNDISHO YA BARAZANI

Msomaji anayetaka kujua chuo cha Waswahili kilivyokuwa mwishoni mwa karne ya 19 atapata maelezo mazuri katika kitabu cha Desturi za Wasuahili, kilichotolewa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Huyu hakuwa mgeni aliyepita njia. Alikuwa mtu wa desturi zile zile, na yeye mwenyewe mwalimu. Chuo alichokijua yeye pwani hakikuwa tofauti sana na kile kilichosafiri hadi ziwani, kwa kuwa walimu walifuata njia moja na vitabu vyao vilikuwa vimoja.

Mafundisho yalikwenda kwa ngazi. Mtoto alianza na herufi 28 za Kiarabu, akizisoma kwa sauti pamoja na wenzake na kuziandika juu ya ubao, si ubao mkubwa wa ukutani, bali kipande cha mbao anachokipakata. Aliandika kwa kalamu ya tete na wino wa masizi. Somo likishikwa ubao ulioshwa, na somo jipya likaandikwa. Kisha alijifunza irabu, akajua kuiunganisha herufi na irabu yake. Baada ya hapo aliingia katika juzuu ya Amma, ambayo ni ya mwisho katika juzuu 30 za msahafu lakini kwa mwanafunzi ndiyo ya kwanza, kwa sababu sura zake ni fupi. Ngazi ya mwisho ilikuwa kuhitimu, yaani kuumaliza msahafu, na siku hiyo ilikuwa furaha ya mtaa mzima. Wazazi walimtunza mwalimu kwa kadiri ya uwezo wao.

Mwalimu wa lugha ataona mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba watoto wa umri mbalimbali walikaa katika baraza moja, kila mmoja na somo lake, na mkubwa aliyetangulia alimsaidia mdogo. Mwalimu mmoja hawezi kuwasikiliza watoto 30 kwa wakati mmoja, lakini wanafunzi watano waliokwisha kufika mbele wanaweza kumpunguzia kazi. La pili ni kwamba lugha iliyosomwa ilikuwa Kiarabu, lakini lugha iliyofundishia ilikuwa Kiswahili. Maalimu aliamrisha, alisahihisha, alieleza maana na alitoa visa vya mitume kwa Kiswahili. Tena mtu aliyezijua herufi hizo aliweza kuzitumia kuandika Kiswahili chake mwenyewe: barua kwa ndugu wa Ujiji, hesabu ya deni, au hati ya mirathi.

Wala hatusemi kwamba chuo hakikuwa na kasoro. Fimbo ilitumika kuliko ilivyostahili. Watoto wengi walikariri wasichokifahamu, na wengine waliacha kabla ya kufika mbali. Hesabu na jiografia hazikuwamo. Zaidi ya hayo, wako watu wengi wa Bujumbura ambao Kiswahili ni chao na chuo hakikuwa chao, kama vile Wakristo waliotoka Kongo. Lakini tukipima shule kwa kuuliza ilidumu muda gani na iligharimiwa na nani, chuo cha mtaa kinashinda. Kilidumu chini ya Wajerumani, chini ya Wabelgiji na baada ya uhuru, na mara nyingi waliokigharimia walikuwa wazazi wenyewe.

SHULE YA SERIKALI NA LUGHA YA KAZI

Serikali ya Wajerumani katika Afrika ya Mashariki iliona mapema kwamba haiwezi kuajiri Mzungu kwa kila kazi ya kalamu. Mwaka 1892 ilifunguliwa shule ya serikali Tanga, isiyofungamana na dini, ili watoto wa Kiislamu wa pwani wasiogope kuingia. Wamisionari wengi hawakupendezwa nayo. Shule hiyo na nyingine zilizoifuata zilifundisha kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi, na wahitimu wake wakawa makarani, walimu na maakida. Ndivyo Kiswahili kilivyokuwa lugha ya boma katika koloni lote, pamoja na Urundi na Ruanda, ambazo zilitawaliwa kwa njia ya wafalme wao.

Matokeo yake yako katika Kirundi hadi leo. Mrundi wa mlimani ambaye hajapata kukanyaga Buyenzi huiita shule ishure, kitabu hukiita igitabu, kalamu huiita ikaramu, na mwalimu humwita umwarimu. Maneno haya hayakuokotwa na Warundi njiani. Yalikwenda pamoja na vitu vyenyewe, kwa mikono ya watu waliozungumza Kiswahili. Twapenda kuwaomba walimu wenzetu wawaonyeshe wanafunzi wao maneno haya manne ubaoni. Hakuna ushahidi mfupi kuliko huo wa kwamba Kiswahili na Kirundi vimekuwa majirani katika kazi ya elimu tangu mwanzo.

Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura, na baada ya vita nchi ikawekwa chini ya udhamini wa Ubelgiji kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa. Hapo mambo ya elimu yaligeuka. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ilifanya mapatano na misheni, ikatoa fedha kwa shule zao, hasa za Kikatoliki, na kuziachia karibu kazi yote ya kufundisha. Kwa serikali mpango huo ulikuwa rahisi. Kwa mzazi Mwislamu wa mjini ulikuwa mgumu, kwa kuwa shule yenye fedha, vitabu na cheti ilikuwa ya padri, na aliogopa kwamba mtoto atakayeingia huko atatoka na dini nyingine. Wengi waliamua kuwabakiza watoto wao chuoni. Hivyo mtoto wa Mswahili alijua kusoma, lakini kusoma kwake hakukuhesabiwa. Hakukumpa cheti, wala hakukumfikisha Astrida, ambako Groupe Scolaire, iliyofunguliwa mwaka 1929, ilikuwa ikiandaa watumishi wa serikali wa nchi mbili.

Pamoja na hayo, lugha yenyewe ilitiliwa shaka. Wamisionari wengi walikiona Kiswahili kuwa ni mlango wa Uislamu, wakapendelea Kirundi kwa mafundisho ya milimani. Kupenda Kirundi hakukuwa kosa, kwa maana ni lugha ya taifa zima na ina heshima yake. Ubaya ulikuwa katika kuvifanya Kirundi na Kiswahili kuwa maadui. Mji nao uligawanywa kwa mitaa: Wazungu kwao, Waasia kwao, na Waafrika katika Buyenzi na katika mtaa ulioitwa Camp Belge, ambao leo ni Bwiza. Wakazi wa mitaa hiyo ya Waafrika hawakuwa chini ya watemi wa kimila. Walikuwa watu wa mji, na lugha yao ilikuwa ya mji.

Kuna jambo jingine la wakati huo ambalo walimu wa Kiswahili hulisahau. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kusawazisha tahajia na kukagua vitabu. Kamati hiyo ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Urundi haikuwamo. Kwa hiyo katika miaka ile ile ambayo mtoto wa Kigoma alikuwa akipata vitabu vya Kiswahili sanifu, mtoto wa Usumbura, aliye jirani naye kwa maji, hakuwa na kitabu cha shule katika lugha yake. Alikuwa na maalimu na baraza tu. Mtu akiuliza leo kwa nini Kiswahili cha Bujumbura kimekwenda njia yake, jibu moja ni hilo. Kilikuwa lugha hai isiyo na vitabu vya shule.

Katika miaka ya 1950 palitokea badiliko. Auguste Buisseret, waziri wa makoloni wa Ubelgiji kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, alitaka ziwepo shule za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kiafrika, na mjadala mkali ukazuka baina ya serikali na Kanisa. Kwa wazazi wa Kiislamu shule ya aina hiyo ilikuwa jambo jema, kwa kuwa mtoto angeweza kupata cheti bila ya kuulizwa dini yake. Hata hivyo lugha ya maendeleo katika shule hizo ilikuwa Kifaransa. Mtoto alikwenda chuoni kwa Kiswahili na akaenda shule kwa Kifaransa, na hakuna mwalimu aliyemsaidia kuunganisha vitu hivyo viwili.

UHURU NA KIRUNDI

Katika harakati za uhuru Waswahili wa Usumbura hawakukaa pembeni. Mwanamfalme Louis Rwagasore, kiongozi wa chama cha UPRONA, alikuwa na wafuasi wengi katika Buyenzi, na wafanyabiashara wengi wa mitaa ile walijiunga na chama cha ushirika alichokianzisha mwaka 1957. Chama chake kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, naye akauawa tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo. Burundi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na Usumbura ukaitwa Bujumbura.

Mwaka 1973 serikali ilianza kuifanya Kirundi kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Sisi walimu wa Kiswahili hatuna haja ya kulionea wivu jambo hilo. Mtoto anayefundishwa kwa lugha anayoijua hufahamu upesi, na kwa watoto walio wengi wa Burundi lugha hiyo ni Kirundi. Lakini kanuni ile ile iliyoleta Kirundi shuleni, yaani kumfuata mtoto katika lugha yake, haikumfikia mtoto wa Buyenzi aliyeota ndoto zake kwa Kiswahili. Kwake yeye Kirundi kilikuwa lugha ya pili na Kifaransa cha tatu, ingawa kwenye karatasi alihesabiwa kuwa sawa na wengine.

Yafaa tukumbuke kwamba chuo hakikuwa shule ndogo pekee katika nchi hii. Milimani kulikuwako shule za Yaga Mukama, zilizosimamiwa na Kanisa Katoliki, ambamo watoto wasiopata nafasi katika shule za serikali walijifunza dini pamoja na kusoma na kuandika Kirundi. Shule hizo zilikuwa na mengi ya kufanana na chuo cha Buyenzi: mwalimu wa hapo hapo, jengo la kawaida, dini na herufi katika somo moja, na cheti kisichokubaliwa na ofisi. Katika miaka ya 1980 serikali ya Kanali Jean-Baptiste Bagaza, iliyoondolewa Septemba 1987, ilizifunga. Baadaye zikafunguliwa tena. Tunazitaja hapa ili msomaji asidhani kwamba habari ya shule ndogo ni habari ya Waislamu peke yao. Kila mahali shule kubwa ilipokuwa finyu, watu walijitengenezea ndogo.

UKIMBIZI NA KURUDI KWA KISWAHILI

Misiba ya nchi yetu iliitawanya lugha na kuirudisha. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 Warundi wengi walikimbilia Tanzania, na makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu yakawa nyumbani kwao kwa miaka zaidi ya 30. Watoto wao walisoma katika shule za msingi za Tanzania, kwa Kiswahili sanifu. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 vita vilianza upya, na mwezi wa Machi 1995 vikafika Bwiza na Buyenzi zenyewe. Familia nyingi zikavuka mpaka kwenda Uvira. Mapatano ya amani yalitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000.

Kuanzia mwaka 2008 zaidi ya wakimbizi 50,000 wa mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao, walirudi Burundi. Hapo ikaonekana ajabu. Watoto waliokuwa wa mbele darasani katika Tanzania walijikuta wa nyuma darasani katika nchi ya babu zao, si kwa upungufu wa akili, bali kwa sababu walijua kuhesabu, kusoma na kujieleza kwa Kiswahili, na hapa walitakiwa wafanye hayo kwa Kirundi na Kifaransa. Mtoto yule yule, hesabu ile ile, lugha nyingine, na alama ikaanguka.

Wakati huo huo siasa ilikuwa inakirudisha Kiswahili kwa mlango wa mbele. Burundi ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 30 Novemba 2006, ikawa mwanachama kamili tarehe 1 Julai 2007, na katika miaka hiyo Kiswahili na Kiingereza vikaingizwa katika ratiba ya shule za msingi kando ya Kirundi na Kifaransa. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kiswahili hakikupewa cheo hicho. Mwaka 2021 UNESCO iliichagua tarehe 7 Julai iwe siku ya Kiswahili duniani.

Sisi tunafurahi kwa kurudi huko, lakini furaha yetu ina swali ndani yake. Kiswahili kiliingia katika ratiba kwa jina la lugha ya Jumuiya, lugha ya biashara na majirani. Jina hilo si la uongo, lakini si kamili. Kwa mtoto wa Ngozi au wa Ruyigi huenda kweli Kiswahili ni lugha ya jirani. Kwa mtoto wa Buyenzi ni lugha ya uji wake wa asubuhi. Wote wawili huweza kupewa somo lile lile la kwanza, la kusalimiana na kutaja majina ya vitu vya darasani. Wa kwanza anajifunza, wa pili anapiga miayo. Kisha wa pili akisema kwamba jana alikwenda masomo, mwalimu humkosoa kwa kalamu nyekundu, akamwamuru aseme shule. Mtoto huyo anatoka darasani akiamini kwamba lugha ya nyumbani kwao ni kosa.

WAJIBU WA WALIMU

Hatusemi kwamba Kiswahili sanifu kisifundishwe. Mtoto wa Bujumbura anakihitaji ili asome kitabu cha Nairobi, aandike barua Dodoma, na afanye mtihani bila ya hofu. Tunachosema ni kwamba usanifu huongezwa juu ya lugha aliyo nayo mtoto. Hauanzi kwa kuifuta. Mwalimu anayejua kwamba masomo lina historia yake atasema: hapa kwetu twaita masomo, kwenye kitabu imeandikwa shule, na Unguja husema skuli, zijue zote, na katika mtihani uandike ile ya kitabu. Maneno hayo hayazidi dakika mbili, nayo humwachia mtoto heshima yake.

La pili, tuchukue kutoka katika chuo kile kilicho chema. Madarasa yetu yamejaa tangu ada za shule za msingi zilipoondolewa mwaka 2005, na mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto. Desturi ya mkubwa kumsaidia mdogo haina gharama. Desturi ya kusoma kwa sauti, kila mtoto na somo lake, mpaka mwalimu aridhike ndipo aendelee mbele, inafaa hata kwa kitabu cha Kiswahili. Fimbo na kukariri bila ya kufahamu tuziache huko huko zilikokuwa.

La tatu, na kwetu sisi ndilo kubwa, tuiandike historia hii kabla wenyewe hawajaondoka. Shule za serikali na za misheni zina daftari zao. Jina la mwalimu mkuu wa kwanza limehifadhiwa, pamoja na tarehe ya kuwekwa jiwe la msingi. Chuo cha barazani hakina jiwe la msingi. Daftari lake ni vichwa vya wazee, na kila mwaka tunakwenda kuwazika. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi nyepesi yenye faida nyingi: kila mmoja amwulize babu, bibi au jirani mzee wa mtaa wake maswali machache. Ulisoma kwa nani? Barazani au ndani? Mlikuwa watoto wangapi, na wasichana walikuwamo? Mwalimu alitoka wapi, naye alisoma kwa nani? Uliandikia nini, na juu ya nini? Mlipokosea alisema maneno gani? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, pamoja na masomo yake na maneno yake mengine ya hapa hapa, kisha yawekwe katika kabati la shule.

Wanafunzi watakuwa wamejifunza kuuliza, kusikiliza, kuandika na kupanga habari, mambo ambayo mtaala unayataka. Nasi tutakuwa na kitabu cha kusomea kilichotoka katika mtaa wetu, jambo ambalo watoto wa Usumbura walilikosa mwaka 1930. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Asili ya elimu ya Kiswahili katika mji huu ni baraza, ubao wa kupakata, na mwalimu ambaye mshahara wake ulikuwa shukrani za majirani. Yeye hakungoja ratiba ili afundishe kwa lugha ya watoto waliokaa mbele yake, na sisi tuliopewa ratiba hatuna udhuru wa kufanya pungufu ya hapo.